Kipande cha mafunjo chenye mistari mitatu tu: unakisomaje? Mwongozo kamili

Makumbusho ya Kimisri ya Turin, Italia, wana hati za mafunjo (papyrus, ile karatasi ya kale ya Misri) karibu 700 zilizo nzima au zilizounganishwa upya, alafu wana vipande zaidi ya 17,000. Na hilo ni jengo moja tu, hujagusa Berlin, London wala Kairo. Kwahiyo mtu akikwambia mambo ya Misri ya kale yalishasomwa yote zamani, mwambie zilizosomwa ni zile hati ndefu nzuri zenye picha za kuvutia, vile vidogo vya mistari mitatu, herufi nusu na tundu katikati, vingi bado vimelala kwenye droo vikisubiri mtu mwenye subira.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuanza kweli, awe mwanafunzi wa historia au akiolojia, au mtu tu mwenye laptopu na bando la kueleweka. Nauandika kwa mpangilio ninaofuata mimi, na msimamo wangu nautoa mapema: maneno yanakuja mwisho. Watu wengi wanakimbilia kusoma maandishi wakati kipande chenyewe, yani nyuzi zake, kingo, matundu, mgongo, kinasema mambo ambayo maandishi hayasemi, na kuna wakati kinayapinga kabisa.

1. Chagua kipande, na kisiwe kigeni

Usianze na kitu ambacho hakijawahi kuchapishwa. Najua ndo ndoto ya kila mtu, ila utajuaje kama umesoma sawa? Chukua kipande ambacho wataalamu wameshakisoma, ficha usomaji wao, fanya wako mpaka mwisho alafu ndo ulinganishe, utaumbuka mwenyewe chumbani bila shahidi na hapo ndipo unapojifunza.

Picha zipo. Turin wana jukwaa lao la mafunjo mtandaoni tangu 2019, Berlin wana databesi yao, British Museum wanaweka picha kwenye katalogi yao ya mtandaoni, na makumbusho ya Petrie pale chuo cha UCL, London, wana hati za Lahun, mji wa kale Misri, ambazo mwanaakiolojia Flinders Petrie alizifukua mwaka 1889. Hizo za Lahun ni shule nzuri sana maana zilitoka ardhini zikiwa vipande vipande, na ndani yake kuna kila kitu: barua, hesabu, wosia, dawa za magonjwa ya wanawake, mpaka ya mifugo.

Tafuta picha yenye kipimo, ile rula ndogo pembeni, na lazima pande zote mbili ziwepo. Picha ya upande mmoja bila kipimo ni pambo la ukutani tu.

2. Kijue kitambulisho chake

Kipande kimoja kinaweza kuwa na majina manne. Kuna namba ya sasa ya makumbusho, namba ya katalogi ya zamani, jina la tajiri aliyekuwa nacho kwanza, na namba ya Trismegistos (databesi ya mtandaoni ya hati za kale) ambayo inasaidia kukusanya hayo yote sehemu moja. Andika zote kwenye faili lako siku ya kwanza kabisa, la sivyo baadae utasoma makala mbili zinazozungumzia kitu kilekile ukidhani ni vitu viwili.

Alafu fuatilia kilinunuliwa lini, kutoka kwa nani, pamoja na nini. Hii watu wanairuka kwa sababu inachosha, lakini vitu vilivyoingia na mzigo mmoja mara nyingi vilitoka shimo moja. Mkusanyiko wa Bernardino Drovetti, konsuli wa Ufaransa kule Misri, uliingia Turin mwaka 1824, na sehemu kubwa ya mafunjo yake ni ya mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, wale wa kijiji cha Deir el-Medina. Ukijua hilo, ukiona jina la mtu kwenye kipande chako unajua uanzie kijiji gani kumtafuta.

3. Usisome. Tazama tu

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu.

Karatasi ya mafunjo ilitengenezwa kwa kukata shina la mmea (ndo haya haya mafunjo yanayoota kandokando ya ziwa Victoria, Misri yenyewe siku hizi ni adimu porini) kuwa vipande vyembamba virefu, wakapanga tabaka moja, juu yake wakapanga la pili likikatiza la kwanza, wakagonga na kukandamiza. Kwahiyo upande mmoja nyuzi zinalala, upande wa pili zinasimama. Upande wa nyuzi zinazolala ndo kawaida ulikuwa ndani ya roli na ndo uliandikwa kwanza. Vuta picha karibu, angalia nyuzi zinaelekea wapi, andika.

Nyuzi hazifanani. Kuna nene, kuna nyembamba, kuna iliyo nyeusi zaidi, kuna sehemu mbili zimeachana zikaacha mstari mweupe. Mpangilio huo unaendelea kupita karatasi nzima, ukiukuta kwenye vipande viwili kwa umbali uleule na mpangilio uleule, vilikuwa karatasi moja, hata kama sa hivi kimoja kiko bara jingine.

Tafuta kiungo pia. Roli ni karatasi kadhaa zilizogundishwa ubavu kwa ubavu, na pale zilipopandana kuna unene unaoonekana kama mfereji au kivuli, upana wa sentimita moja mbili hivi. Kipande chenye kiungo ni dhahabu, maana kinakwambia hapa karatasi moja iliisha nyingine ikaanza.

Pima kimo kama kingo za juu na chini zimebaki. Enzi za akina Ramesses roli kamili ilikuwa na kimo cha sentimita 40 na kitu, na mara nyingi waliikata nusu, so ukipata kama sentimita 20 zenye kingo safi juu na chini, huenda una nusu roli.

Matundu sasa. Roli ikiliwa na wadudu au ikiloa ikiwa imekunjwa, ukiifungua tundu linajirudia. Chukua chapati, ikunje roli, ing'ate mara moja katikati, alafu ifungue: utaona alama ya meno zaidi ya mara moja, na umbali kati ya alama na alama unapungua kadri unavyoingia ndani. Kwenye mafunjo ni hivyohivyo, umbali mkubwa ni nje ya roli, mdogo ni ndani. Hieratiki, ule mwandiko wa haraka wa makarani, unakwenda kulia kwenda kushoto, na kawaida mwanzo wa hati ulikaa nje, kwahiyo kulia umbali ni mkubwa na kushoto unasinyaa. Unaweza kupanga vipande vitano kwa mfuatano bila kusoma neno hata moja.

Na ndo maana mianzo ya hati imepotea sana, ilikuwa nje ikapigwa na kila kitu. Roli maarufu ya Berlin yenye kisa cha Sinuhe (hadithi maarufu ya Misri ya kale), namba 3022, mwanzo wake haukuwepo, vipande vya mwanzo vikaja kutambuliwa kwenye mkusanyiko wa Lord Amherst, Uingereza.

4. Picha: rangi kwanza, infraredi baadae

Wino mweusi wa Misri ni masizi na gundi. Masizi yananyonya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwahiyo kipande kilichokuwa cheusi tii kwa uchafu au kuungua kinaweza kutoa maandishi safi kabisa kwenye picha ya infraredi. Watu wakiona hivyo wanaacha picha ya rangi, na hapo wanaharibu kazi, kwa sababu wino mwekundu ni udongo wa okra, na huo kwenye infraredi unafifia mpaka kupotea.

Hasara yake ni hii: kwenye hesabu nyingi za nafaka karani aliandika shayiri kwa mweusi na ngano ya emeri kwa mwekundu. Ukitumia infraredi peke yake umefuta ngano yote ya kijiji alafu unashangaa jumla haifiki. Tarehe, jumla na vichwa vya sehemu navyo mara nyingi ni vyekundu. So fungua picha zote mbili, zilaze moja juu ya nyingine kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, na uwe unawasha na kuzima tabaka la juu.

Kama huna infraredi tumia DStretch, ni kiongezi cha programu ya ImageJ, Jon Harman alikitengeneza kwa ajili ya michoro ya mapangoni lakini kwa wino mwekundu uliofifia kinafanya maajabu. Usiamini kila kinachotokea tu, kinachokuza wino kinakuza na madoa. Alama uliyoiona kwenye DStretch rudi uitafute kwenye picha ya kawaida, ukiikosa kabisa iandike kwa alama ya kuuliza.

Na ukungu mweupe unaouona kwenye picha nyingi za zamani sio lazima uwe kwenye mafunjo, mara nyingi ni chumvi iliyojijenga kwenye kioo cha fremu kwa ndani.

5. Chora kwa mkono

Utasema picha ninayo nichore ya nini. Kwa sababu jicho linadanganya na mkono unakulazimisha kuamua. Fungua Inkscape au weka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya picha uliyoprinti, chora kila alama ya wino, hasa zile za ukingoni. Wino uliopo jaza mweusi, wa mashaka chora kwa nukta, palipokatika chora ukingo. Kitu ambacho hakipo USIKIKAMILISHE hata kama unajua kabisa neno ni lipi.

Wakati unachora utagundua wino ukikolea, unafifia, unakolea tena. Karani alitumia brashi ya unyasi, akiichovya maneno yanatoka meusi, baada ya muda yanapauka mpaka achovye tena. Ukizitia alama sehemu za kuchovya unaona alipopumzika na mara nyingine alipoongeza neno baadae. Na kama mistari ina unene sawa mwanzo mwisho, ncha ngumu, hiyo huenda ni kalamu ya tete, ya Kigiriki, na kipande chako ni cha zama za baadae kabisa.

6. Sasa soma

Jua kwanza ni mwandiko gani. Hieratiki, demotiki (mwandiko wa haraka zaidi wa zama za baadae), Kigiriki na Kikopti (Kimisri cha Wakristo, kwa herufi za Kigiriki) ni shule nne tofauti na hakuna anayezimudu zote sawasawa, chagua moja. Kwa hieratiki, majedwali ya Georg Möller yana zaidi ya miaka 100 na bado yanatumika, na kule Mainz kuna databesi ya AKU-PAL inayokuonyesha alama moja ilivyoandikwa enzi tofauti. Usikadirie tarehe kwa alama moja. Chukua kumi hivi, na linganisha aina na aina: mwandiko wa hadithi umetulia, wa hesabu unakimbia, ukivichanganya unaweza kukosea kwa miaka mia.

Mfuatano ni huu: geuza hieratiki kuwa hieroglifi, yale maandishi ya picha (programu ya JSesh ni ya bure), kutoka hapo kuwa herufi za kilatini, kutoka hapo tafsiri. Hatua ya hieroglifi usiiruke, ndipo utakapokamatwa ukidanganya.

Mabano nayo yana sheria. Mabano mraba ni kilichopotea, nusu mabano ni kilichoharibika ila kinasomeka kwa mashaka, mabano ya pembe ni neno ambalo karani alilisahau ukaliongeza wewe, mabano ya mawimbi ni alilorudia bure. Mfano mdogo: kipande chako kinasema "mwezi wa 2 wa Shemu, siku ya 10" (Shemu ni msimu wa mavuno) na hapohapo karatasi imekatika. Usiandike siku ya 10! Kwa hieratiki makumi yanakuja kabla ya mamoja, kwahiyo inaweza kuwa 10, 14, 19. Unaandika 10[+x]. Tarehe nyingi kwenye vitabu vya zamani ziliharibika kwa uvivu wa namna hii.

Ukipata maneno matatu mfululizo yanayoeleweka yapeleke kwenye Thesaurus Linguae Aegyptiae, databesi ya mtandaoni ya maneno ya Kimisri cha kale, utafute yalikotokea kwingine. Majina ya watu wa Deir el-Medina yatafute kwenye databesi ya Leiden. Kitabu cha Wafu, maandiko ya kumsaidia marehemu baada ya kifo, nacho ni rahisi kukitambua, sura zake zilipewa namba na mtaalamu wa Kijerumani Lepsius mwaka 1842 na namba hizo bado zinatumika, ukipata nusu mstari tu unaweza kujua uko sura ya ngapi.

7. Mtafute ndugu yake

Tuangalie orodha ya wafalme ya Turin, namba 1874. Champollion, yule Mfaransa aliyefumbua hieroglifi, aliikuta mwaka 1824 kwenye lundo la chakavu, vipande vya majina ya wafalme na urefu wa tawala zao, miaka, miezi na siku. Mtaalamu mwingine, Seyffarth, akaja akavipanga. Tatizo ni kwamba hati hii ina pande mbili: mbele ni daftari la kodi la wakati wa Ramesses II, na orodha ya wafalme iliandikwa mgongoni. Ukipanga kwa majina ya wafalme peke yake unajitengenezea historia unayoipenda, kwahiyo mtaalamu wa Kiingereza Alan Gardiner alipoichapisha mwaka 1959 alitoa na upande wa kodi, maana kipande kinachokaa vizuri kwa wafalme lakini kinavunja mstari wa kodi upande wa pili hakikai pale, basi.

Kuna kipande kidogo chenye jina Nitiqerti. Kwa miaka mingi kilichukuliwa kama ushahidi wa malkia Nitocris, yule ambaye mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema aliwazamisha wauaji wa kaka yake. Mtaalamu Kim Ryholt akarudi kwenye nyuzi, na mwaka 2000 akachapisha hoja kwamba kipande kile kinakaa mahali ambapo jina linakuwa Nitiqerti Siptah, na Siptah ni jina la mwanaume. Malkia mzima akayumba kwa sababu ya nyuzi za karatasi. Mtu angeweza kuikodolea ile hieratiki miaka hamsini asilione hilo.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Lord Amherst alikuwa na nusu ya chini ya hati ya mwaka wa 16 wa Ramesses IX, kesi ya wezi wa makaburi, mchonga mawe anaitwa Amenpanufer anaeleza walivyoingia kaburi la mfalme Sobekemsaf na kubeba dhahabu. Nusu ya juu hakuna aliyejua iko wapi. Mwaka 1935 Jean Capart, mtaalamu wa Misri ya kale kule Brussels, akaikuta imefichwa ndani ya kisanamu cha mbao kilicholetwa kutoka Misri na Leopold II kabla hajawa mfalme, ndiyo, Leopold yuleyule wa Kongo. Zikawekwa pamoja na sentensi za juu zikamalizikia chini. Leo nusu moja iko Brussels, nyingine Morgan Library, New York, na wizi wa makaburi ndo mada yenyewe ya hati, kila mtu na acheke anavyoweza.

Ukidhani umepata muungano, upime kwa utaratibu huu: nyuzi za mbele, nyuzi za nyuma, viungo vya karatasi, matundu, kimo na nafasi kati ya mistari, mwandiko, na mwisho kabisa maana. Maana iwe mwisho kwa sababu akili ya binadamu itaunganisha sentensi zozote mbili ukiipa muda. Na taja ni muungano wa aina gani, kingo zimegusana au ni vya roli moja tu vyenye pengo katikati.

8. Ukipata nafasi ya kwenda kukiona

Andika barua pepe mapema, miezi kadhaa kabla, kwa msimamizi wa mkusanyiko wa mafunjo sio kwa anwani ya jumla ya makumbusho. Taja namba kamili za vipande, vichache, na ueleze ni kitu gani ambacho picha haikujibu. Barua ya "naomba kuona mafunjo yenu" inakaa bila jibu mpaka leo.

Beba penseli (kalamu ya wino hawataki kuiona), rula, lenzi ya kukuza na taa ndogo ya LED. Taa ilaze chini kabisa karibu na usawa wa meza, viungo vyote vya karatasi vitajitokeza kwa vivuli. Waulize kwanza kama taa yako inaruhusiwa. Kioo hakifunguliwi, usiombe, na fremu unaigeuza kwa mikono miwili au umwachie mhusika. Ukikuta kipande kimegundishwa kwenye karatasi ya kadi, jua mgongo umefichwa, uliza kama kuna picha za kabla.

9. Usinunue

Kuna watu wanauza vipande mtandaoni, achana navyo. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilifunga biashara hiyo, na mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale ni wa 1970, kipande kisicho na karatasi za kuonyesha kilitoka Misri lini na vipi ni matatizo, na majarida mengi ya maana hayatakichapisha. Feki nazo zipo nyingi, na feki ya kisasa inaandikwa juu ya mafunjo ya kale kweli. Kile kipande kilichodaiwa kumtaja "mke wa Yesu", kilichotangazwa 2012, kilipopimwa mafunjo yake yalikutwa na umri wa karne nyingi, watu wakashangilia, ila maandishi ndo yalikuwa ya kutungwa juzi. Kipimo cha umri kinapima mmea, hakipimi wino.

10. Peleka ulichokipata

Ukiwa na usomaji mpya au muungano unaouamini, usikimbilie kutangaza. Mwandikie msimamizi, ukurasa mmoja, ambatisha mchoro wako, picha mbili zilizowekwa pamoja kwa kipimo kimoja za mbele na za nyuma, na orodha ya vipimo vya hatua ya 7 ukiweka wazi kipi kimepita na kipi hukuweza kukipima. Uliza pia kama kuna mtu mwenye haki ya kukichapisha kipande hicho, maana mara nyingi yupo, na mara nyingi atafurahi kukuweka kwenye makala yake kuliko kugombana na wewe. Picha zao usizichapishe popote bila ruhusa ya maandishi, hata kama zilikuwa wazi mtandaoni.